Gesi Aliyoulizwa Mwingine

Mtaa mzima ulimwita Zimamoto, ingawa katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kuzima hata moto wa karatasi. Kazi yake ilikuwa kujaza mitungi. Ile mitungi myekundu inayoning'inizwa kwenye korido za ofisi na shule, ambayo watu huipita kila siku bila kuitupia jicho mpaka siku waya unapowaka, yeye ndiye aliyeifungua, akaikagua, akaijaza gesi na kuirudisha ukutani. Gesi yenyewe ni kabonidayoksaidi. Wasomi huiita hewa ukaa, lakini yeye aliiita gesi tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Aliijua tabia yake kama mtu anavyomjua shemeji mkorofi: haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na ukiiachia chumbani hushuka ikatulia sakafuni. Kila ofisi aliyokwenda alitoa hotuba ileile: "Mtungi ukivuja, fungua madirisha kwanza. Usiiname, usikae chini. Anayelala chini huyo haamki."

Karakanani kulikuwa na sheria moja ambayo aliitunga yeye mwenyewe. Koki au regulata, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya gesi, ikionyesha kasoro yoyote, inafungwa uzi mwekundu. Ikishafungwa uzi, haiguswi. Fundi ataitengeneza, sawa, lakini uzi haufungui yeye. Unafunguliwa na mtu mwingine, aliyeipima akaridhika. "Aliyetengeneza ana haraka ya kumaliza," alizoea kuwaambia wenzake. "Msimwamini. Hata akiwa mimi." Sheria hiyo aliisimulia nyumbani mara nyingi kiasi kwamba mkewe aliweza kuimalizia kabla yeye hajafika katikati.

Mkewe naye alikuwa na mimea. Binti yao alipoolewa, chumba chake kilibaki kitupu, na Zimamoto alikuwa na mipango nacho: kiti kizuri, redio, miguu juu ya stuli. Kabla hajanunua hicho kiti, mkewe alikuwa ameshaingiza vyungu sita. Vikawa kumi na viwili. Vikawa arobaini, vingine kwenye rafu za mbao, vingine sakafuni, vingine vikining'inia darini kwa kamba. Aliwauzia watu wa maofisi na wenye hoteli, na sifa zake zilienea. Zimamoto aliyatazama yote hayo akiwa mlangoni. Ndani haingii. Alisema udongo unamtia chafya, lakini ukweli ni kwamba alikuwa amenuna, na mtu aliyenuna hupenda aonekane amenuna.

Huenda kununa kwenyewe kungekwisha kama kunavyokwisha kununa kote, lau si Bwana Maabara.

Huyu alikuwa mstaafu aliyefanya kazi maisha yake yote katika maabara ya hospitali, mgane, mrefu, mwenye viatu vinavyong'aa hata anapokwenda kutupa taka. Alihamia ghorofa ya chini ya jengo lao na mimea yake mwenyewe, na majani ya mimea hiyo, kwa bahati mbaya, yalikuwa makubwa kuliko ya mke wa Zimamoto. Mama wa watu aliyaona kupitia dirishani, akagonga mlango kuuliza siri. Toka siku hiyo mzee akawa anapanda ngazi za ghorofa tatu mara mbili kwa wiki, daftari mfukoni, kuja kuangalia vyungu. Walizungumza juu ya mizizi. Walizungumza juu ya minyoo. Zimamoto, upande wa pili wa ukuta, alisikia kicheko cha mkewe, kile cha kushika mbavu, akajaribu kukumbuka ni lini yeye alimchekesha hivyo. Roho ikamuuma.

Tuseme ukweli: mzee alikuwa na miaka sabini na miwili na goti moja bovu. Lakini wivu hauombi cheti cha kuzaliwa. Zimamoto alifikia mahali pa kumnyima mzee huyo shikamoo yake. Walipokutana kwenye ngazi alijifanya anatafuta funguo, akanong'ona "habari" kwenye mfuko wa suruali, akapita. Mzee alijibu "nzuri, mwanangu" kwa upole, na upole huo ukamkera zaidi.

Jioni moja mezani, mkewe alisema, "Mimea yangu imedumaa. Miezi miwili sasa haisogei."

"Pole," alijibu Zimamoto, akitafuna.

"Nimesikia kuna wakulima wa ndani ya nyumba wanaiongezea gesi. Ile yenu. Eti mmea unaila."

Zimamoto aliweka kijiko chini. Miaka ishirini na sita, na leo ndiyo mara ya kwanza gesi kutajwa kwenye meza yake na mtu mwingine. Alijiweka sawa kwenye kiti, akakohoa kidogo kama mgeni rasmi anayesubiri kukaribishwa.

"Nimemuuliza Bwana Maabara," mkewe akaendelea, "kasema si lazima."

Zimamoto akasukuma sahani pembeni.

"Umemuuliza nani?"

"Bwana Maabara."

"Juu ya gesi?"

"Juu ya gesi, ndiyo."

"Gesi hii ninayoijaza mimi?"

"Kwani kuna nyingine, baba?" Mkewe alimwongezea maji kwenye bilauri bila kumtazama, na hapo Zimamoto akaona kwamba hata hakujua kama amemkosea. Hilo ndilo lililomkaa kooni. Kama angemdharau kwa makusudi wangegombana, yakaisha. Lakini alikuwa hakumkumbuka, basi.

Mzee alipokuja tena, Zimamoto alisimama mlangoni pa chumba cha mimea, mikono kifuani.

"Mzee, mmea unakula gesi, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo," alisema Bwana Maabara.

"Basi ukipewa zaidi utakula zaidi."

"Ukiwa na mwanga wa kutosha, na maji, na mbolea, hapo utakula zaidi. Lakini angalia chumba hiki, mwanangu. Dirisha dogo, pazia zito, kioo kina vumbi la mwaka jana. Mtu asiye na hamu ya kula ukimpikia sufuria kumi hatanenepa. Atasikia harufu tu."

Mkewe akacheka. Kile kicheko.

"Wenye kulima ndani ya nyumba za vioo wanakuja karakanani kwetu kuchukua mitungi kumi kumi," Zimamoto alisema kwa sauti iliyopanda kidogo kuliko alivyotaka. "Wote wale ni wajinga?"

"Si wajinga hata kidogo. Wale wana jua kutwa, wana kipimo cha hewa ukutani, na hakuna anayeishi mle ndani. Hapa ni nyumbani kwa watu. Watu wenyewe wanapumua, na pumzi yao ni hiyohiyo gesi. Inatosha. Toeni pazia, futeni kioo, sogezeni rafu dirishani. Mkishamaliza habari ya mwanga, ndipo muulize gesi."

Kisha mzee akatoa leso yake mwenyewe, nyeupe, iliyopigwa pasi, akakifuta kioo. Kioo cha nyumba ya Zimamoto. Mkewe akamshikia stuli asianguke. Zimamoto aliondoka pale mlangoni akiwa ameshaamua.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Ataleta mtungi kimyakimya, atauficha nyuma ya magunia ya udongo chini ya rafu ya mwisho, na kila asubuhi mkewe akiwa sokoni atafungua gesi kidogo, kiasi cha pumzi ya watu wawili watatu. Mimea itafumuka. Mzee atapanda ngazi zake na daftari lake, atashangaa, hatakuwa na maelezo. Hapo Zimamoto atasogeza magunia kwa mguu na kusema, "Mlikuwa mnasema nini juu ya gesi?" Sentensi hiyo aliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea.

Ili gesi isitoroke, aliziba nyufa za dirisha kwa selotepu. Mkewe alipouliza, alisema ni mbu. Mkewe akamshukuru, akashangaa kidogo kumwona ndani ya kile chumba, na Zimamoto akapiga chafya mbili za uongo ili asivunje historia yake.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Regulata ilikuwa nzima, gesi ikatoka kwa sauti ndogo kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Jambo moja tu: mkewe alianza kulalamika kwamba mchana kichwa kinamuuma.

"Macho hayo," alisema Zimamoto. "Kapime miwani."

Siku ya nane, mimea ilitoa majani mapya. Yalikuwa manne, madogo, yamejikunja, ya kijani kibichi. Zimamoto aliyaona kabla ya mkewe, na moyo ulimjaa furaha ya mtoto aliyeficha zawadi. Alimwita.

"Njoo uone!"

Mkewe aliinama, akayagusa kwa ncha ya kidole. Uso wote ukamwangaza. "Mwanga!" alisema. "Mzee alisema! Yule mzee ana mkono wa baraka jamani." Akashuka ngazi mbio na kandambili zake kwenda kumwambia.

Zimamoto alibaki peke yake katikati ya vyungu arobaini. Haki ya Mungu, hakuna shubiri aliyowahi kuimeza ikawa chungu namna ile. Kitu chake, kazi yake, mtungi alioubeba mgongoni ghorofa tatu, halafu sifa zimeshuka ngazi kwenda kwa mtu aliyefuta kioo! Angeweza kusema. Mtu mwenye busara angesema. Lakini mwenye wivu hataki kudai sifa, anataka apewe. Basi akaamua kwamba majani manne hayatoshi. Yatoke arobaini, yatoke kwa wiki moja, tuone kama kuna leso itakayoeleza hilo.

Alhamisi ile regulata nzima ilihitajika kazini, akairudisha. Kwenye rafu ya vitu vibovu palikuwa na nyingine. Ilikuwa na uzi mwekundu. Aliufunga yeye mwenyewe mwezi uliopita, kwa sababu ile regulata ilikuwa na tabia ya kuanza polepole kisha kujiachia yenyewe bila kuguswa. Aliigeuzageuza mkononi. Alikaza skrubu moja ndogo, akapuliza vumbi. Kwani nani anaijua kuliko mimi, alijiambia. Fundo lilikuwa gumu, akalikata kwa meno, akautia uzi kwenye mfuko wa shati. Ijumaa asubuhi aliifungua gesi, akasikiliza, akaona inatoka vizuri, akaiacha itoke kama siku zote, akafunga mlango, akaenda kazini.

Mchana hakuweza kukaa. Alitaka kuona kama kuna jani. Saa saba akaomba ruhusa, akarudi nyumbani, na kwenye ngazi za chini akakutana na Bwana Maabara anashuka, daftari mkononi.

"Unatoka kwangu?" aliuliza Zimamoto. Hata ile "habari" aliisahau.

"Nimegonga, hakufungua. Nadhani amelala. Saa hizi huwa amejilaza kule kwenye mimea, kwenye mkeka wake."

Damu ilimpanda Zimamoto mpaka masikioni. Alipanda ngazi moja ili walingane urefu. "Wewe umejuaje mke wangu analala wapi?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kaniambia mwenyewe, ana miaka miwili analala pale mchana. Usiku hapati usingizi, anasema unakoroma. Kwani wewe hujui?"

Zimamoto alifungua mdomo ajibu. Jibu lilikuwa tayari, lilikuwa kali, tena lilikuwa na matusi mawili ndani yake. Halikutoka. Neno moja lilikuwa limemnasa: mkeka. Mkeka unatandikwa sakafuni. Na gesi, gesi yake ya miaka ishirini na sita, nzito kuliko hewa, inashuka ikatulia wapi?

Hakumaliza wazo. Miguu ilikuwa imeshaanza.

Ghorofa tatu alizipanda kwa mikono na miguu. Alipoufungua mlango wa chumba cha mimea alisikia sauti ya gesi, nayo haikuwa ya mtu anayevuta pumzi usingizini, ilikuwa inafoka. Mkewe alikuwa chini, ubavuni, kiganja chini ya shavu, kitenge kimefunika miguu. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Zimamoto hakuwahi kuiona kwa mtu wake. Alimwita. Hakujibu. Hapo, kwa rehema ya mazoea, hotuba yake mwenyewe ikamwamrisha: madirisha kwanza. Dirisha lilikuwa limezibwa na selotepu, tabaka tatu, kazi safi. Akakamata chungu, akakirusha, kioo kikamwagika nje. Akabana pumzi, akainama, akamshika mkewe kwapani, akamburuta mpaka koridoni na mkeka wake.

Bwana Maabara alifika akihema, goti limemlemea, akapiga magoti kwa shida na kumshika mkono mgonjwa kutafuta mapigo. Kwa mara ya kwanza Zimamoto alimwona mzee huyu amemshika mkewe mkono, na akamwomba Mungu mzee asiuachie.

"Yapo," mzee alisema. "Mpepee. Mwinue kichwa. Tafuta gari."

Mkewe alikohoa. Akafungua macho, akamwona mumewe, akamwona mzee, akauliza kwa sauti ya mlevi nani kavunja kioo.

Zahanati walimwekea oksijeni, wakamkalisha mpaka jioni, kisha wakamruhusu na kichwa kizito. Nyumbani Zimamoto alimweleza yote: mtungi, magunia, selotepu, mbu wa uongo. Alieleza akitazama vidole vyake vya miguu. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ndoa yao.

Kisha akasema, "Vyungu arobaini mle ndani. Ukarusha kile alichonipa Bwana Maabara."

"Kilikuwa karibu."

"Kilikuwa rafu ya juu."

Kwa kweli kilikuwa rafu ya juu.

Asubuhi yake mkewe aliloweka nguo, akapekua mifuko kama kawaida, na kwenye mfuko wa shati akaukuta uzi. Alikuja nao mezani, akauweka mbele ya chai ya mumewe.

"Huu ulikuwa umefungwa wapi?"

"Kwenye regulata."

"Nani aliufungua?"

"Mimi."

"Nani aliipima?"

Zimamoto alizungusha kikombe. Mkewe hakuwa amepandisha sauti. Angepandisha sauti ingekuwa nafuu.

"Ulikuwa unataka mimea ikue?" aliuliza.

"Nilikuwa nataka uniulize mimi. Gesi ni yangu. Ukaenda kumuuliza yeye."

"Sasa ungenizika," mkewe alisema taratibu, "halafu nikuulize vipi?"

Akamwambia alete mkono. Zimamoto akautoa. Mkewe akauzungusha uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, mara mbili, akafunga fundo juu ya fundo.

"Utafunguliwa lini?" Zimamoto aliuliza.

"Aliyetengeneza ana haraka ya kumaliza," alijibu mkewe, na safari hii sheria aliianza yeye, akaimaliza: "Msimwamini."

Jumatatu alikwenda kazini na uzi wake. Angeweza kuuficha kwa mkono wa shati, hakuuficha. Wenzake waliuona, wakatazamana. Mmoja alitaka kucheka, akamwangalia usoni, akaacha. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna pale asiyejua maana yake. Siku nzima hakuna aliyempa koki wala regulata, wala hakuna aliyemwomba ashike upande wa pili wa mtungi. Ikishafungwa uzi, haiguswi. Alikaa kwenye benchi karibu na rafu ya vitu vibovu, akafuta vumbi lisilokuwepo, mpaka muda wa kutoka.

Aliporudi, kioo kipya kilikuwa kimewekwa na dirisha lilikuwa wazi. Mkewe alisimama mlangoni pa chumba cha mimea na mkeka chini ya kwapa, palepale alipozoea kusimama yeye. Hakuingia. Alikuwa anaiangalia sakafu.

"Ile gesi," alisema bila kugeuka, "ikishaingia sakafuni, inakaa siku ngapi? Nikilala humo sasa ni salama?"

Lilikuwa swali lenyewe. Wiki zote zile alilingoja, mezani, kitandani, nyuma ya ukuta. Na jibu alikuwa nalo, analijua kuliko jina lake: dirisha limekuwa wazi siku tatu, hakuna gesi, lala bila wasiwasi. Alifungua mdomo. Mkewe aligeuka kumtazama, na kabla ya kuufikia uso, macho yake yalipita kwenye kifundo cha mkono.

Zimamoto aliufunga mdomo. Akarudi mlango wa nje, akashuka ngazi za ghorofa tatu taratibu, akagonga kwa mzee. Bwana Maabara alifungua, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba upande juu," alisema Zimamoto. "Mke wangu ana swali la gesi."